Aseme kwa Sauti Yake

Kwa miaka kumi na minne kazi yangu ya asubuhi imekuwa kuongea. Kituo chetu cha afya hapa mtaani Kinama hufunguliwa mapema, na akina mama hukaa kwenye mabenchi watoto wakiwa mgongoni, kadi za chanjo zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Kabla muuguzi hajaanza kuita, mimi husimama mbele yao na kuwaeleza jambo moja: maji ya kunywa yachemshwe vipi, kwa nini mtoto anayeharisha asinyimwe ziwa, dalili zipi hazingoji kesho. Mimi si muuguzi. Nilifika sekondari mwaka wa pili, vita vikatutoa shuleni. Ila nina sauti. Ni nzito kidogo, haina haraka, na watoto wanaolia huwa wananyamaza wakiisikia. Kila siku naanza kwa maneno yale yale: "Polepole mama zangu, tusikilizane."

Nayasema haya ili ieleweke nilichoibiwa.

Mhandisi mmoja wa kompyuta alikuja kituoni asubuhi moja, akakaa benchi la nyuma akasikiliza mpaka mwisho. Nilimjua tangu akiwa na kaptula. Mama yake tuliimba naye kwaya miaka mingi, kisha wao wakahamia Mutanga Nord, mtaa wa wenye nacho, kijana akaenda kusoma nje, akarudi na miwani na adabu nzuri. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, sauti kama yako haifai ipotee," akaniambia. "Tunatengeneza kamusi inayosema. Wanafunzi wa chuo wasikie Kiswahili cha huku na Kirundi chetu vinavyotamkwa na mtu mwenyewe."

Nani angekataa? Nilikwenda kwake siku kumi na mbili. Kulikuwa na chumba kidogo chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili kelele za nje zisiingie. Nilisoma sentensi kwenye kioo cha kompyuta, moja baada ya nyingine, mpaka koo likakauka. Siku za mwanzo zilikuwa habari za mvua, soko, shangazi na wajomba. Kuanzia siku ya tano zikageuka: homa, maziwa ya mama, kuharisha, mimba, chanjo. Nilimuuliza, akasema, "Ni maneno ya kila siku tu, mama." Mwisho nikasaini karatasi za Kifaransa, kurasa sita. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Tano zilizobaki nilizisaini kwa sababu alikuwa mtoto wa rafiki yangu, na kumkagua mtoto wa rafiki yako kana kwamba ni mwizi nilikuona ni aibu.

Ilipita kama miezi minane. Siku moja, nikiwa napanga kadi za chanjo, nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Polepole mama, tusikilizane." Niligeuka. Hakuna aliyekuwa ananiigiza. Mama mmoja alikuwa ameshika simu mbele ya mdomo, na ndani ya simu nilikuwamo mimi.

"Yoo! Mama, we uko hapa na uko tena mu telefone?" akasema, na benchi zima likacheka.

Walinieleza. Kuna namba mpya, ukipiga unauliza jambo lolote la mtoto au mimba, unajibiwa palepale, kwa Kiswahili au Kirundi. Niliomba simu nikauliza kuhusu kuharisha. Nikajijibu. Ilikuwa sauti yangu, pumzi yangu, hata ile tabia yangu ya kurefusha neno la mwisho. Nywele zilinisimama.

Jioni hiyohiyo nilikwenda Mutanga Nord. Mhandisi alinipokea vizuri, akaniletea Fanta.

"Ile si sauti yako tena, mama," akasema akitabasamu. "Mashine imejifunza kwako, kama mtoto anavyojifunza kusema kwa mama yake. Sasa inasema yenyewe. Na karatasi ulisaini."

"Uliniambia ni kamusi."

"Kamusi ilikuwa mwanzo. Hiki ni kitu kikubwa zaidi. Angalia watu wangapi unawasaidia ukiwa umelala!"

Sasa nifike mahali panaponiuma kuliko pote. Niliondoka pale nimekasirika, lakini nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imechanganyika na kitu kingine. Nilikuwa najisikia mtu. Sokoni watu waligeuka nikiongea. "Ni mama wa telefone!" Wauza mboga walinikatia bei bila kuombwa. Na wiki zilizofuata, nikisimama mbele ya mabenchi siku yenye watu wengi, nilikuwa nasema, "Mkiwa na swali nyumbani, pigeni ile namba." Nilisema mimi, kwa mdomo wangu, bila mashine. Hilo hakuna mhandisi aliyeniibia.

Kwenye mtaa wangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, anaishi mama mmoja kijana aliyekuja na mumewe kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, wakikimbia vita. Yeye anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, mume anabeba mizigo. Mtoto wao wa kwanza, msichana wa miezi tisa, alipata chanjo ya surua kituoni kwetu, siku ya Jumanne. Jumatano akapata homa. Mama yake akapiga ile namba. Alhamisi homa ikazidi, mtoto akakataa ziwa. Akapiga tena. Ijumaa alfajiri mtoto alianza kugeuza macho, na baba yake akambeba mbio mpaka hospitali. Ilikuwa malaria, ile inayopanda kichwani.

Hakufa. Alilala siku tisa bila kumjua mtu. Alipoamka, mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea kama kitambaa, na mpaka leo degedege humshika bila kubisha hodi.

Mimi sikujua lolote la simu. Nilikuwa nimechemsha uji nikiujaza kwenye chupa ya kuupeleka hospitali, kama jirani, wakati yule baba aliposimama mlangoni kwangu. Hakuingia.

"Ni we njo uliambia bibi yangu abakie nyumbani," akasema.

"Nilimwambia nani, baba?"

"Bibi yangu. Alipiga mara mbili. Ukamwambia homa kiisha chanjo ni kawaida, ampe maji, arudi kiisha siku tatu."

"Mi sikusema vile. Ile ni mashine."

"Apana. Nilikuwa pale. Nilisikia na masikio yangu. Alinipa telefone, akasema: sikiliza, ni mama wa kituo, tusiwe na wasiwasi." Akaunyooshea kidole mlango wangu. "Sasa mashine ninaijua nyumba yake wapi? Mi ninajua nyumba yako."

Akaondoka. Uji uliganda kwenye chupa. Nilikaa juu ya kigoda nikakumbuka sentensi ile, siku ya saba, katika chumba cha magodoro: Homa kidogo baada ya chanjo ni kawaida. Niliisoma mara tatu kwa sababu gari lilipiga honi nje. Kwenye mabenchi sijawahi kuisema peke yake. Huwa nasema mara moja: lakini akikataa kunyonya, akilegea, akigeuza macho, njoo, hata kama ni saa sita ya usiku. Sehemu ile ya pili haikuwemo kwenye kioo. Mashine haikuwa nayo, au ilikuwa nayo ikaiacha. Sijui, na baadaye nilikuja kugundua kuwa hata mhandisi hajui.

Habari ilienea. Jumatatu niliposimama na kusema maneno yangu ya kuanzia, mama mmoja alivuta mtoto wake kifuani na kuangalia pembeni. Wengine wakaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe. Baada ya wiki moja mkuu wa kituo akaniita, akasema kwa upole kwamba nipumzike kidogo kuongea, nisaidie kupima uzito. Nikawa natundika watoto kwenye mizani kimya kimya kama bubu.

Hapo ndipo nilipoanza kumuwaza mhandisi usiku na mchana. Simaanishi kumwombea. Kanisani tukisali utusamehe kama nasi tunavyowasamehe, mimi nilikuwa nafumba mdomo kwenye sentensi ile na kuendelea na inayofuata. Nilimtaka aone aibu mbele za watu, aibu isiyofutika kwa Fanta.

Nilinunua daftari la shule nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, jioni, nikitoka kazini. Mwanzo walinifungia. Nilisimama nje nikasema, "Sikuja kujitetea. Niambieni tu niliwaambia nini." Wakafungua. Mmoja, mjamzito, aliambiwa kichwa kuuma na miguu kuvimba ni uchovu. Mwingine aliambiwa vizuri kabisa, na mtoto wake alipona, nikaandika hilo pia, ingawa mkono wangu ulikuwa mzito. Mmoja aliuliza kwa Kiswahili chetu cha huku, mashine haikumwelewa, ikamjibu habari za meno. Wote walisema jambo moja: hawakuwahi kuambiwa kwamba ni mashine. Walidhani nimekaa mahali na simu sikioni.

Kisha nikasikia, kupitia mama anayefagia ofisi yake, kwamba mhandisi anaandaa mkutano katika hoteli moja kando ya ziwa. Wageni wangekuja kuiona mashine ili waipeleke mikoani kote. Ilikuwa Alhamisi, saa nne ya asubuhi.

Nilikwenda kwa yule mama wa Uvira. Alikuwa anaanika ndagala juu ya turubai, mtoto amelala kivulini.

"Kuna watu wakubwa watakuwa pale," nikamwambia. "Twende tukaombe msaada wa dawa za mtoto."

"Watatusikiliza?"

"Watatusikiliza."

Ndivyo nilivyomwambia. Maneno mengine niliyaweka moyoni.

Siku ile nilivaa imvutano, vazi langu la harusi za watu, ile ya rangi ya zambarau, nikajitanda begani. Mlangoni mlinzi alikuwa na orodha ya majina na jina langu halikuwemo. Nikamsalimia tu. Akafungua macho. "Eh! We ni mama wa telefone! Pita, mama, pita na mwenzako." Sauti yangu ndiyo iliyonifungulia mlango, na nilicheka moyoni.

Ukumbi ulikuwa baridi kwa viyoyozi. Mhandisi alisimama mbele kwa suti ya bluu, akaeleza jinsi mashine ilivyojifunza, jinsi isivyochoka, jinsi isivyougua. Mgeni mmoja akamuuliza ile sauti ni ya nani. Akajibu bila kusita, "Haina mwenyewe. Imetengenezwa." Kisha akaomba mtu yeyote aiulize swali. Kipaza sauti kikaanza kutembea kati ya viti, nami nikanyoosha mkono. Binti aliyekishika hakunijua. Mhandisi aliniona wakati tayari nimekishika.

Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki mbili nzima. Niliongea taratibu, kwa sauti yangu ya kwenye mabenchi.

"Polepole mama, tusikilizane. Nina mtoto wa miezi tisa. Alichanjwa juzi. Ana homa, hataki ziwa. Nifanye nini?"

Na kutoka kwenye maspika mawili makubwa ya ukutani nikajijibu: "Polepole mama, tusikilizane. Homa kidogo baada ya chanjo ni kawaida. Mpe mtoto maji, mfunike nguo nyepesi, na urudi kituoni baada ya siku tatu ikiwa homa haijapungua."

Watu waligeuka wakaniangalia, wakaangalia maspika, wakaniangalia tena. Mgeni mmoja mzee alivua miwani. Sikuwa na haraka. Nilimtazama mhandisi, jasho limemtoka katika baridi ile, na naapa sijawahi kula chakula kitamu kama uso wake.

"Mwenye sauti ni mimi," nikasema. "Sikuulizwa. Niliambiwa ni kamusi. Na mtoto aliyejibiwa hivyo ni yule pale."

Nikanyoosha kidole. Mama wa Uvira alikuwa amesimama karibu na mlango, mtoto mgongoni, mkono ule mdogo ukining'inia. Simu zikainuka ukumbi mzima kupiga picha. Nikafungua daftari langu nikaanza kusoma, na hakuna aliyethubutu kuninyang'anya kipaza sauti.

Mkutano ulivunjika kabla ya chakula. Mhandisi alibaki anakusanya nyaya peke yake. Nilitoka nje nikiwa nimenyooka kama bwana harusi.

Mama wa Uvira alikuwa ananingoja chini ya ngazi. Nilidhani atanikumbatia.

"Uliniambia tunaenda kuomba dawa," akasema.

"Mwanangu, umeona? Wamesikia wote. Leo mhandisi amenaswa."

"Hukuniambia utamuonesha mutoto wangu kwa watu na matelefone yao."

"Nilikuwa nampigania yeye."

"Ulijipigania we." Hakupandisha sauti. "Yule alichukua sauti yako bila kukuuliza. Na we umechukua mutoto wangu. Ungeniuliza, labda ningekubali. Sasa hatutajua."

Akapanda pikipiki na mwanawe, akaniacha na imvutano yangu ya zambarau. Siku ya pili picha ya mtoto ilikuwa kwenye simu za mtaa mzima, imeandikwa maneno ya huruma na ya upuuzi. Nilipita kwa kila niliyemjua nikimsihi aifute. Wengine walifuta mbele yangu. Wengine waliniambia wameshawatumia wenzao Goma, Kigoma, Ubelgiji. Nilielewa siku ile kwamba kuna vitu ukishavitoa mkononi huvirudishi, na kwamba nilikuwa nimekitoa kitu cha mtu mwingine.

Nilimwomba radhi. Alinisikiliza, akasema, "Sawa, mama." Dawa za degedege nilizihangaikia kwa miezi mitatu, kwa padri, kwa mkuu wa kituo, mpaka zikapatikana, na safari hii kila mlango niliogonga nilimuuliza kwanza kama nigonge.

Namba ile ilifungwa. Baada ya muda kikaitishwa kikao katika ukumbi wa parokia: watu wa afya, mhandisi, wauguzi wawili, na sisi akina mama wa Kinama. Walitaka kujua kama mashine inaweza kurudi, na kwa masharti gani. Mkuu wa kituo alisema isirudi bila muuguzi wa kusikiliza majibu yake kila siku. Mama mjamzito, yule wa miguu kuvimba, ambaye Mungu alimsaidia akajifungua salama, alisema iwe inajitambulisha mapema: mimi ni mashine, naweza kukosea. Mwingine akasema ikishindwa iseme sijui. "Mashine yenu haijui kusema sijui," akamwambia mhandisi, "ni kama bwana yangu." Tulicheka wote, hata yeye.

Mimi nilingoja mwisho.

"Irudi," nikasema. "Lakini sauti yangu itoke. Na atakayesema ndani yake awe yeye." Nikamwelekea mhandisi. "Usome wewe zile sentensi, siku kumi na mbili. Na mashine ikimaliza kujibu, itaje jina lako na mahali unapokaa."

"Mama, sauti ya mwanaume kwa mambo ya uzazi? Akina mama watakubali kweli?"

"Wasipokubali watakuja kituoni."

"Na jina langu... watu wenye hasira watakuja mpaka nyumbani."

"Kwangu walikuja," nikamwambia. "Nyumba yangu waliijua. Mtoto akiumia tena, baba yake ajue mlango wa kugonga."

Hapo ndipo alipokiri, mbele ya wote, kwamba sauti yangu alikuwa ameshawapa watu wengine, nje ya nchi, na hawezi kujua wanaifanyia nini. Alisema amewaandikia. Hawajajibu. Sijui leo namwambia nani nini, katika mji gani. Hilo sitamsamehe, na nimeacha kujisumbua kujaribu.

Alisoma sentensi zote. Nilikwenda siku ya kwanza nikakaa katika chumba kile cha magodoro, nikamsikia anakosea, anarudia, anakohoa. Kila alipofika kwenye homa nilimwambia, "Malizia. Akikataa kunyonya, njoo. Sema." Akasema. Wiki ya kwanza namba ilipofunguliwa, wanaume watatu walifika getini kwake Mutanga Nord kulalamika kwamba hawajaelewa majibu. Niliposimuliwa nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Akina mama wengi hawaipendi sauti yake. Wanakata simu wanakuja kwetu, na mabenchi yamejaa kuliko zamani. Nimerudi kusimama mbele yao. Mama wa Uvira huja pia, hukaa mwisho wa benchi, hunisalimia kwa heshima, kisha huangalia chini.

Mwezi uliopita mhandisi mwenyewe alikuja na mkewe na mtoto wao mchanga, chanjo ya kwanza. Waliketi mstari wa mbele. Nilipomaliza kuongea na wote, mkewe akaniuliza kwa woga, "Mama, na homa ikimushika?" Shetani alinipitia, nakiri. Nilijua nusu ya jibu inavyoweza kuumiza. Kisha nikapiga magoti mbele ya yule binti, nikamweleza yote, dalili moja moja, nikamfanya azirudie kwa vidole. Mume wake alikuwa anasikiliza. Sikumwangalia. Nilisimama nikamchukua mtoto aliyefuata, nikamtundika kwenye mizani.